Kitabu cha Wageni cha Kitalu Chetu

Kwa muda wa mwaka mzima, na kidogo juu yake, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba kitabu cha wageni kinaua. Hakiui mtu, la. Kinaua mradi. Niliamini kwamba mtu wa ofisini akishuka kwenye gari jeupe, akaingia kwenye mradi wa watu, akapewa kiti, akaandika jina lake na cheo chake, na kwenye ile safu ya mwisho ya maoni akaandika "kazi nzuri, endeleeni", basi mradi huo umekwisha. Haungoji hata wino ukauke.

Habari hii nilipewa na fundi baiskeli wa Konde. Huyu bwana, kabla ya kushika spana, alikuwa katibu wa kikundi cha bwawa la samaki, na bwawa lile lilikufa vibaya. Nilimpelekea baiskeli yangu, ambayo wakati ule ilikuwa na viraka vingi kuliko mpira wenyewe. Akauzamisha mpira kwenye beseni la maji, akawa anautazama unavyotoa mapovu.

"Weye ndiye katibu mpya wa kile kitalu cha mikarafuu?" akaniuliza bila kuinua uso.

"Ndiye mie."

"Kitabu cha wageni mshanunua?"

"Jana. Jalada gumu, mgongo mwekundu. Nimekipigia mistari kwa rula."

"Kifiche."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanihesabia vidoleni: kuku wa kule bondeni, walikuja watu wa ofisi, wakasaini, banda likabaki na manyoya. Vyerehani vya kina mama wa kijiji cha pili, wakasaini, vyerehani vikafungwa kwa khanga mpaka leo. Bwawa lake mwenyewe, wakasaini, wiki hiyo hiyo akalifukia.

"Mie sisemi kitu," akasema. "Mie nakwambia tu nilichokiona kwa macho haya. Kabla ya saini, kitu kipo. Baada ya saini, hakipo."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamini kabisa. Msinicheke. Mpira wa baiskeli ulikuwa mzima, upepo wa asubuhi ulikuwa unatoka upande wa msitu wa Ngezi na harufu ya majani yaliyolowa, barabara nyeupe ilikuwa inaelea mbele yangu kama shuka lililoanikwa, na kila kitu siku ile kilionekana kinawezekana. Hata hilo.

Niseme kwanza nilivyofika kwenye ukatibu. Mimi nilisoma skuli ya jioni, ile ya watu wazima, nikiwa na ndevu tayari. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio, na mwalimu wetu alikuwa mdogo kwangu kwa miaka isiyosemeka. Nilipomaliza nikapewa cheti, na cheti kile nikakitundika ukutani juu kuliko picha yoyote; mgeni akitaka kukisoma ilibidi apande kiti. Basi kikundi cha kitalu kilipoundwa, na watu, wengi wao kina mama, wakaulizana nani ataandika barua na kuweka daftari, macho yote yalinigeukia. Nilikuwa na mwandiko, wallahi, wa kumtoa nyoka pangoni.

Mwenyekiti wetu alikuwa mjane mmoja wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Sisi sote tukimwita Bi Mwenyekiti, na yeye akiniita Katibu, hata nilipokuwa nimebeba ndoo kichwani. Kusoma hakujua. Kilima kilichokuwa nyuma ya nyumba yake alikirithi kwa baba yake, na zamani, alisema, kilima kile kilikuwa mikarafuu mitupu. Ikazeeka, ikakauka kuanzia juu, mmoja mmoja, mpaka kikabaki kipara. Chini ya kilima ndipo alipokuwa akilima muhogo wake, chakula chake na wajukuu zake wanne. Kikundi kilipotafuta mahali penye maji karibu pa kuweka kitalu, yeye ndiye aliyesema, "Wekeni kwangu." Akaung'oa muhogo wote. Makubaliano yalikuwa kwamba masika yakifika, miche ya kwanza ipandwe kilimani kwake, halafu wengine wote wafuate. Miche ikifa, hana mkarafuu wala hana muhogo. Hilo tulilijua sote, na mimi nililijua zaidi, maana ndiye niliyeliandika kwenye daftari.

Ofisi ya mradi ilikuwa Chake. Wao ndio waliotupa mwanzo: viriba vya nailoni vya kuoteshea, makopo ya kumwagilia, na mafunzo ya siku mbili. Mafunzo yale nilihudhuria mimi, na niliandika kila kitu, ila nadhani siku ya kwanza niliitumia yote kupamba kichwa cha habari. Wakatuambia, "Tutakuja mwezi wa kwanza baada ya kuotesha, kuangalia mlivyoanza." Nikaitikia vizuri tu. Hapo nilikuwa bado sijapeleka baiskeli Konde.

Tukaotesha. Mbegu za karafuu, lile tunda lenyewe lililoachwa mtini mpaka likaiva likawa jekundu lililokoza, tuliziloweka, tukazimenya, tukazipanda mbichi, maana zikikauka hazioti. Tukaezeka kivuli cha makuti juu yake. Na zikaota! Kila kiriba kikatoa kijani kidogo chenye majani mawili, mekundu mekundu mwanzoni kama masikio ya mtoto mchanga. Asubuhi nilikuwa nikienda mapema kabla ya wengine, nikasimama katikati ya mistari. Jua lilipita kwenye makuti vipande vipande, likamwagika chini kama sarafu, na upepo ukija vipande vile vinahama, na miche yote inaonekana kama inatembea, inapanda kilima yenyewe, polepole, imeshikana mikono. Niliwahi kusimama hivyo nikasahau kwenda kazini. Nikiulizwa miche ilikuwa mingapi, nilikuwa nikisema laki. Ukinibana sana nitakubali kwamba laki haikuwa.

Kitu kizuri namna ile, nikaona, mtu wa ofisini asikikanyage.

Barua ya kwanza ikaja kupitia kwa sheha. Wanaomba kuja kutembelea kitalu. Nikaisoma, nikaikunja, nikaitia ndani ya kitabu cha wageni, na kitabu nikakitia ndani ya foronya ya mto ninaolalia. Nikajibu kwa mwandiko wangu ule: kitalu kinaendelea vizuri mno, kina mama wana ari ya pekee, ila kwa sasa barabara haipitiki kwa sababu daraja limebomoka.

Kijijini kwetu hakuna daraja. Hakujawahi kuwa na daraja. Hakuna hata mto wa kuhitaji daraja.

Ya pili ikaja. Nikajibu kwamba daraja linatengenezwa. Baada ya hapo wakaanza kupiga simu, na namba waliyokuwa nayo ilikuwa yangu. "Katibu, vipi daraja?" Nikawaambia mafundi wamefika, wamepima, wameondoka. Mara nyingine daraja lile nililiona kabisa akilini, na nguzo zake na watu wakilivuka, nikalihurumia. Ya tatu ikaja wakati wa mvua za vuli, na hiyo sikuijibu kabisa.

Bi Mwenyekiti hakujua. Kila mkutano aliniuliza, "Katibu, kuna habari kutoka Chake?" nami nikasema, "Hakuna kitu, Bi Mwenyekiti." Maneno hayo yalinitoka bila uzito. Nilijiona namkinga. Nilijiona nimesimama mlangoni kwake na rungu, nawafukuza wezi, na yeye ndani amelala.

Vuli ilipokwisha, majani yakaanza kugeuka rangi.

Kwanza ulikuwa mstari mmoja, ule wa mwisho karibu na mgomba. Majani yakawa ya njano, ile njano ya papai, nzuri hata kuitazama. Kina mama wakasema ni kiu, vuli imekwisha, jua kali. Wakaongeza maji. Tukamwagilia asubuhi, tukamwagilia alasiri, mimi mwenyewe nikabeba ndoo mpaka shingo ikaingia kifuani. Mstari wa pili ukageuka. Wa tatu. Majani yakadondoka, vijiti vikabaki vimesimama ndani ya viriba vyao kama vijiti vya mishikaki. Na kadiri tulivyomwagilia ndivyo njano ilivyotembea. Nikawa nikifumba macho naiona inakuja, haina haraka, inapita mstari kwa mstari na kanzu yake ya njano, inasalimia kila mche kwa adabu.

Wanachama wakaanza kupungua. Huyu kasafiri, yule ana mgonjwa. Siku moja tukabaki wawili, mimi na Bi Mwenyekiti, tumekaa juu ya ndoo tulizozipindua.

"Katibu," akasema, "n'ambie kweli. Watu wa Chake wametutupa?"

"Wana kazi nyingi, Bi Mwenyekiti."

"Kazi nyingi. Wakati wa kutupa viriba hawakuwa na kazi nyingi." Akaushika mche mmoja uliokufa, akauchomoa, ukatoka bila kushindana naye. "Leo asubuhi mjukuu wangu kaniuliza muhogo wetu umekwenda wapi. Nikamwambia umegeuka mikarafuu. Akaja hapa, akaangalia, akarudi. Hakuniuliza tena."

Nikafungua mdomo niseme. Wallahi niliufungua. Lakini nikaona nikisema tu watakuja, na wakija watasaini, na wakisaini hata hiyo iliyobaki itakwisha. Nikaufunga.

Kesho yake Bi Mwenyekiti hakuonekana kitaluni. Nikaambiwa kaondoka na gari ya alfajiri, kavaa baibui lake la Idi, kaenda Chake. Hakuniaga wala hakuniagiza kuandika barua. Adhuhuri nilikuwa nimesimama mistarini na kopo mkononi nikasikia mlio wa gari, nikageuka, na lile gari jeupe likaja likisukasuka kwenye mashimo yetu, vumbi likainuka nyuma yake likapita juu ya migomba na kutulia juu ya kila kitu. Lilikuja taratibu kama linavyokuja kwenye ndoto, ambapo unataka kukimbia na miguu ni ya mtu mwingine.

Akashuka Bi Mwenyekiti, na nyuma yake bibi shamba wa ofisi ya mradi, mwanamke mfupi, mnene, viatu vya mpira mpaka magotini, kalamu imechomekwa ndani ya mtandio juu ya sikio.

"Asalaam alaykum, Katibu," akasema bibi shamba. "Tumepita salama. Daraja liko wapi?"

"Daraja gani?" akauliza Bi Mwenyekiti.

"Lililobomoka."

"Hapa?"

Sikuitikia salamu. Mungu anisamehe.

Bibi shamba hakungoja. Akaingia chini ya makuti, akainama, akainua kiriba kimoja kwa mikono miwili, akakibonyeza. Maji yakatoka juu, yakamwagika kwenye viatu vyake. Akakinusa. Akakigeuza chini juu, akakitazama kitako chake. Akachukua kingine, akakigeuza. Cha tatu. Halafu akasimama wima akatutazama.

"Matundu yako wapi?"

"Matundu gani?" nikasema.

"Ya chini. Viriba hivi huja vizima, unavitoboa mwenyewe kabla ya kutia udongo. Tulisema kwenye mafunzo. Humu maji yanaingia, hayatoki. Mizizi imeoza." Akaitupa pembeni ile miche iliyokufa. "Nyie mmeizamisha hii miche. Kila mlivyoiona njano mkaizamisha zaidi. Na hili mtu angeliona mwezi wa kwanza. Dakika mbili. Ndiyo maana tuliandika barua ya kuja mwezi wa kwanza."

"Barua?" akasema Bi Mwenyekiti.

"Tatu. Na Katibu alitujibu mbili, na mwandiko mzuri kweli, sote ofisini tuliupitisha mkono kwa mkono."

Jogoo wa mtu akawika mbali, saa zisizo zake. Bi Mwenyekiti akanigeukia, nami nikaangalia viatu vya bibi shamba vilivyolowa.

"Nimekuuliza," akasema, sauti ile ile ya chini. "Kila mkutano nimekuuliza."

"Bi Mwenyekiti, nilikuwa..."

"Mie sijui kusoma, Katibu. Wewe ndiye macho yangu." Halafu akamwambia bibi shamba, "Hebu tuambie kilicho hai ni kipi. Huyu ntaonana naye."

Wakapita mstari kwa mstari. Bibi shamba alikuwa akikwaruza shina kwa ukucha. Ndani kukiwa kijani anasema "huyu mzima", kukiwa kahawia anasema "huyu basi". Nilifuata nyuma kama mtu anayefuata jeneza, ila kila nilipotarajia "basi" nikawa nasikia na "mzima", na "mzima" zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Alipomaliza akaketi, akaitoa kalamu kwenye mtandio.

"Kitabu cha wageni."

"Kimepotea," nikasema.

"Kiko kwenye foronya yake," akasema Bi Mwenyekiti. "Mkewe kashalalamika kwamba mto una pembe."

Nikakileta. Hakuna safari ndefu niliyowahi kutembea kama ile ya kutoka nyumbani kwangu mpaka kitaluni, na ni hatua sitini. Akakifungua, barua zote tatu zikaanguka mapajani mwake, akaziweka kando, akaandika jina, cheo, tarehe, kwenye mistari yangu niliyoipiga kwa rula. Kwenye safu ya maoni hakuandika kazi nzuri endeleeni. Aliandika: toboeni matundu leo. Nikautazama wino ule ukikauka. Niliutazama kwa kweli, nimeshusha pumzi nusu, na juu ya kichwa changu makuti yakiwa yanalia kwa upepo.

Tukatoboa. Nimesema tukatoboa, lakini nilitoboa mimi. Bi Mwenyekiti alinipa msumari mmoja na kizibo cha chupa cha kuushikia, akasema hataki kuona mkono mwingine wowote kwenye kazi ile. Siku tatu nilikaa chini nikiinua kiriba, nachoma, maji yanachuruzika mapajani mwangu, narudisha, nainua kingine. Maji yale yalikuwa na harufu ya jiwe la kisima. Hakuongea nami siku hizo tatu. Siku ya nne aliniletea uji, akauweka karibu yangu, akaenda zake.

Bibi shamba akarudi wiki iliyofuata. Akasaini. Wiki ya pili yake akaja na mwenzake na wavu mweusi wa kivuli, maana makuti yetu yalikuwa yameoza yanadondosha ukungu. Wakasaini wote wawili. Mkubwa wao akaja siku moja na mpira mrefu wa maji ili tusibebe ndoo tena, na siku nyingine wakaleta miche kutoka kitalu cha ofisi yao kuziba mapengo ya iliyokufa. Hawakuwa wakikaa sana. Walikuwa wakiinua viriba, wanageuza, wanatazama chini, wanamuuliza Bi Mwenyekiti analolitaka, na yeye anawaambia. Wanachama waliokuwa safarini wakarudi wote. Wagonjwa wao wakapona kwa mpigo. Na mimi, kila walipoondoka, nilikuwa nikizunguka mistarini kuanzia mwanzo mpaka mwisho nikitafuta uliokufa. Nilikuwa naona majani mapya tu, yale mekundu mekundu. Nikajiambia huenda hii sumu ya saini inachelewa. Ukurasa wa kwanza ukajaa, tukafungua wa pili.

Masika yakaingia kwa ngurumo moja na mvua ya usiku kucha, na asubuhi tukapanda kilimani. Ukungu ulikuwa umekaa chini yetu kama maziwa kwenye bakuli, na watu waliopanda na miche mikononi walikuwa wakitoka ndani yake, kwanza vichwa, halafu mabega, halafu ule mche wa kijani uliokumbatiwa kifuani. Bi Mwenyekiti alipanda wa kwanza kwa mkono wake, juu kabisa, penye kisiki cha mkarafuu wa baba yake. Akaukanyagia udongo kwa kisigino. Mjukuu wake akaja na kopo akataka kuumwagilia, akamzuia: "Mvua imenyesha, mwanangu. Wache ukojoe kwanza." Watu wakacheka mpaka bibi shamba akakaa chini.

Nikaona saa yangu ndiyo hiyo. Nikaenda nikachutama karibu ya bibi shamba, nikamweleza yote: mpira wa baiskeli kwenye beseni, kuku, vyerehani, bwawa, foronya. Nikamwambia mpaka leo sielewi kwa nini sisi hatukufa, na saini zimejaa kurasa mbili.

Alinisikiliza mpaka mwisho, anang'oa matope kwenye kiatu kwa kijiti.

"Yule fundi baiskeli," akasema, "alituita samaki wakiwa wameshaelea juu. Nilisaini nimeziba pua. Kwa kuku nilikuta manyoya. Kwenye vyerehani mwenyekiti na katibu walikuwa hawasemezani mwaka mzima, ndipo wakatupigia simu. Hatukuua kitu, Katibu. Tuliitwa vikiwa vimeshakufa, kwa hiyo kila kitabu kina saini moja tu, na ni ya mwisho."